Kuvuka Maji Kila Siku: Siku Arobaini na Tisa za Kwanza Mombasa

Siku ya 1, Ijumaa, 2 Januari

Tulitoka Nakuru usiku wa manane kwa matatu ili tuiwahi treni ya saa mbili asubuhi katika stesheni ya Syokimau, karibu na Nairobi, mimi na mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka minane, tukiwa na masanduku mawili, mkoba wa vyombo na bahasha ya karatasi za uhamisho wa shule. Nilikuwa nimepata kazi ya ukarani wa hesabu katika kampuni ndogo inayotoa mizigo bandarini. Kwa kuwa nililelewa bara na sikuwa nimeiona bahari ila kwa ziara moja ya shule, niliazimia kuandika kila nililojifunza, ili dada yangu anayefikiria kutufuata asije bila kujua anakokuja.

Safari ya kilomita 472 kwa reli hii iliyozinduliwa 31 Mei 2017 haina mengi ya kusimulia mpaka ufike Mtito Andei, ambapo udongo unageuka mwekundu na treni inaanza kuikata mbuga ya Tsavo juu ya tuta refu lililoachiwa mianya ya ndovu kupita chini yake. Mzee aliyeketi mbele yetu, ambaye alisema amestaafu kazi ya bandarini, alimwonyesha mwanangu upande wa kulia. Akamwambia kwamba huko ndani, mahali ambapo jicho halifiki kutoka dirishani, ndiko ziliko Chemchemi za Mzima. Kwamba mvua inayonyea Milima ya Chyulu huzama katika mawe ya volkano, ikapita chini kwa chini, ikachomoza Mzima ikiwa maji maangavu, kisha sehemu yake ikatiwa bombani hadi Mombasa. "Mjukuu wangu," alisema, "siku utakapofungua mfereji Mombasa ukaona maji, jua yamekuja kwa njia hii hii uliyoijia wewe." Nayaweka maneno hayo mwanzoni kwa sababu karibu kila nilichokipata baadaye, tangu nyumba hadi majirani, nilikipata kwa kupitia maji.

Tulishuka Miritini saa nane mchana, tukapanda matatu iliyopita Changamwe na Makupa, na jioni tukafikia Majengo, kwa shangazi ya rafiki yangu aliyekubali kutuhifadhi kwa wiki moja.

Siku ya 2

Joto. Januari ni wakati wa kaskazi, na hewa ya hapa ina unyevu kiasi kwamba nguo niliyoifua asubuhi ilikuwa bado mbichi adhuhuri ingawa jua lilikuwa kali. Nilipooga, sabuni ilikataa kutoa povu, ikaniachia utando mweupe mkononi. Shangazi alinieleza kwamba maji ya bafuni ni ya kisima, yana chumvi, na kwamba ya kunywa na ya kupikia yamo katika mtungi uliofunikwa sahani jikoni, nami nisiyachanganye kamwe.

Siku ya 3 hadi ya 6

Siku nne nilitafuta nyumba. Mombasa ina kaunti ndogo sita, yaani Mvita, Nyali, Kisauni, Jomvu, Changamwe na Likoni, na katika hizo ni Mvita peke yake iliyo kisiwani. Nyinginezo wenyeji wa kisiwani huziita ng'ambo. Mgeni hutazama kodi kwanza, na mimi nilifanya hivyo hivyo. Dalali mmoja alinipeleka kwenye fleti ya ghorofa ya tatu upande wa Kisauni, safi, yenye upepo wa kutosha na kodi niliyoimudu, akafungua bomba la jikoni mbele yangu, maji yakatoka kwa nguvu hadi yakamrukia mwanangu usoni. Niliridhika papo hapo, nikampa shilingi 3,000 za kunishikia nyumba.

Tulipokuwa tukishuka ngazi, mama mmoja aliyekuwa akianua nguo katika ghorofa ya kwanza alinisalimu, akanitazama, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeambiwa habari za maji. Nikamwambia nimeyaona kwa macho yangu. Akasema tangi la juu lilijazwa jana kwa lori, na kwamba mfereji wenyewe haujatoa tone kwa miezi. Wapangaji wote hununua. Niliporudi kwa dalali kudai fedha zangu hakuzirudisha, na baada ya siku mbili hakushika simu tena. Fedha zile ziliniuma sana, kwa kuwa zilikuwa chakula cha wiki nzima, lakini yule mama, ambaye hakuwa na deni lolote kwangu, aliniokoa na hasara kubwa kuliko hiyo. Tangu siku hiyo sikuuliza tena kodi kwanza. Niliuliza: maji ya mfereji huja siku gani, hukaa saa ngapi, na kisima kina chumvi kiasi gani?

Siku ya 7

Nyumba tuliipata Likoni, si mbali na barabara ya Shelly Beach, kwa bibi wa miaka sabini na kitu ambaye alinijibu maswali yote matatu kabla sijamaliza kuuliza. Mfereji huja Jumanne na Ijumaa, wakati mwingine usiku, na ukikosa wiki moja usishangae. Kisima cha uani kina "munyu kidogo," ndivyo alivyosema, yaani chumvi kidogo, kinafaa kuoshea vyombo na kufulia nguo za rangi. Ya kunywa hununuliwa.

Ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi za mitaa ya zamani: mbele pana baraza ya simenti, ukishavuka mlango unaingia ukumbi mwembamba unaopita katikati hadi nyuma, vyumba vitatu huku na vitatu huku, kisha ua wenye jiko, bafu, choo na kisima. Sisi tulichukua vyumba viwili vya mwisho. Bibi alinifafanulia jambo ambalo bara sikuwahi kulisikia, kwamba nyumba ni mali yake lakini kiwanja si chake. Yeye humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja, kama alivyolipa marehemu mumewe. Nyumba bila ardhi ni jambo la kawaida hapa. Ndiyo sababu wengi hawathubutu kujenga ghorofa wala kuchimba kisima kipya, na mpangaji akijua hilo hamlaumu mwenye nyumba kwa kila ufa ulioko ukutani.

Siku ya 8

Tulihama kwa mkokoteni. Hamali aliupanga mzigo wetu wote, pamoja na kitanda na meza nilivyonunua Kongowea, akausukuma hadi Feri nasi tukimfuata kwa miguu. Mwenda kwa miguu halipi kitu kuvuka Likoni, magari ndiyo yanayolipa, na feri hufanya kazi usiku na mchana. Mkondo wenyewe ni mwembamba, kama nusu kilomita, lakini ndio mlango wa bandari ya Kilindini na maji yake yana kina kirefu. Mwanangu alinishika mkono kwa nguvu tangu mlango wa chuma uliponyanyuka hadi uliposhuka upande wa pili, nami sikumwambia auachilie.

Siku ya 11

Mwanangu ameanza shule. Mwalimu wake ni mpole. Kazini nami nimepewa meza iliyo karibu na dirisha, ofisi yetu ikiwa si mbali na zile pembe kubwa za Moi Avenue.

Siku ya 11

Leo nimevuka saa kumi na mbili na robo asubuhi, wakati Likoni yote inapokwenda kisiwani, na ningependa kulieleza jambo hili vizuri kwa sababu ndilo litakalokuwa maisha yangu.

Unateremka kutoka stendi ya matatu ukiwa ndani ya umati, wachuuzi wakiwa wamepanga mahamri, mayai ya kuchemsha na soksi pembeni, hadi kwenye banda la kungojea ambapo lango limefungwa. Watu husimama kimya kuliko nilivyotarajia. Feri inapogota ufukoni na mlango wake wa chuma kulalia saruji, hushuka kwanza waliotoka kisiwani, kisha lango linafunguliwa na umati wetu unamiminika, wanafunzi, mafundi wenye mifuko ya zana, akina mama wenye ndoo za samaki kichwani, waendesha baiskeli, kila mmoja akijua mahali pake pa kusimama. Magari hukaa katikati, watu pande zote mbili. Hakuna anayekimbia ndani ya feri yenyewe. Mbio zote huishia langoni, kwa maana anayeikosa hii atangoja nyingine huku saa ya kazi ikienda.

Bibi alikuwa ameniusia nisisimame karibu na mlango wa chuma. Anaukumbuka mwezi wa Aprili 1994, feri ya Mtongwe, kivuko jirani, ilipopinduka na watu 272 wakafa maji. Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa miongoni mwao. Hakulisimulia zaidi ya hapo, nami sikumwuliza.

Siku ya 15

Ilikuwa Ijumaa ya mfereji na mfereji haukuja. Mitungi yangu miwili ilikuwa tupu kwa sababu nilingojea maji ya bure badala ya kununua. Saa moja jioni nilisimama barazani hadi nikamsikia mwuza maji akiita kutoka mwisho wa njia.

Mkokoteni wake ulibeba mitungi ishirini ya manjano, ile ya lita ishirini iliyotiwa mafuta ya kupikia hapo kabla, kila mdomo umezibwa kwa kipande cha gunia kilicholowa. Alichomoa kimoja, akanimiminia maji kidogo kiganjani na kuniambia nionje kabla sijalipa. Nikamwambia sijui kuonja maji. Akanifunza: usiyameze, yaweke juu ya ulimi na ufunge mdomo, uhesabu hadi tatu, maji ya kisima yaliyochanganywa hayajifichi, chumvi hubaki kando za ulimi yakishatoweka. Nilifanya hivyo. Yalikuwa matamu. Alisema yeye huyachota kwenye kioski chenye mita, na kwamba mteja asiyeonja humfanya muuzaji mwaminifu aonekane sawa na mwongo. Mfereji ukikauka bei hupanda, na alinitajia bei ya siku hiyo bila kuona haya, akaongeza kwamba foleni ya kioski leo ilimchukua saa tatu.

Nimeanza kuelewa jinsi mji huu unavyonyweshwa. Kisiwa hakina mto. Sensa ya 2019 iliwakuta watu 1,208,333 katika kaunti yote, na maji yao hutoka mbali: Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi upande huu wetu wa kusini. Bomba likipasuka mahali usipopajua hata jina, jikoni kwako hapapikwi. Watu wa hapa hawalichukulii jambo hili kama msiba. Wana mapipa, wana mitungi, wana akiba, na anayehamia anapaswa kununua mapipa kabla ya kununua kochi. Hata hivyo siamini kwamba ni haki mama anayefua nguo za watu apate kutumia sehemu ya ujira wake kununua maji ambayo wenye uwezo huletewa kwa lori hadi mlangoni. Sitalizoea hilo kwa sababu tu kila mtu amelizoea.

Siku ya 17

Alasiri mwanangu alikuwa akicheza uani, Bibi akawa ameketi barazani akichambua mbaazi. Akamwita kwa sauti, "Ndoo!" Mtoto akaitika, akakimbilia kisimani, akamletea ndoo. Bibi akaitazama ile ndoo, akamtazama mtoto, akacheka hadi akajifuta machozi kwa upindo wa leso. Akamketisha karibu naye na kumweleza kwamba kwa Kimvita "ndoo" ni kule kuitwa, ndiyo "njoo" ya vitabuni, kama vile njia ilivyo "ndia" na mchanga ulivyo "mtanga." "Mwanangu," aliniambia, "huyu hana kosa. Kaitwa kwa jina la maji, kaleta chombo cha maji."

Nimefundishwa Kiswahili tangu chekechea na nilipata alama nzuri, lakini ni katika mji huu huu, katika mkutano wa 1928, ambapo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu na Kimvita kikaachwa kando, licha ya kwamba kilikuwa na ushairi wa Muyaka bin Haji na wengine wengi. Jioni hiyo nilimwomba Bibi azungumze na mtoto kwa Kimvita chake bila kukisanifisha. Alifurahi kuliko nilivyotarajia. Tangu wakati huo tumekuwa watu wa nyumba. Nikipita asubuhi husema "Sabalkheri," naye hunijibu na kuniuliza nimeamkaje, na kama sina haraka hunitolea hamri moja na mbaazi za nazi katika kibakuli.

Siku ya 22

Jioni, feri yetu ilikuwa imejaa na mlango umekwisha kunyanyuliwa, lakini nahodha hakuondoka. Nilipoangalia upande wa bahari nikaona meli ya makontena ikiingia mkondoni, ikitanguliwa na kufuatwa na tishali. Ilipita mbele yetu polepole, karibu kiasi kwamba niliweza kusoma herufi zilizochongwa na kupakwa rangi ubavuni, kutu iliyochirizika chini ya nanga, na mabaharia wawili waliokuwa wakitutazama kutoka juu kabisa. Umati mzima ulinyamaza. Kazini huiona meli kama namba katika karatasi ya ushuru. Pale niliiona ikiziba machweo yote. Ilipokwisha kupita, mawimbi yake yaliitikisa feri mara tatu, injini ikaunguruma, tukavuka.

Siku ya 26

Mtoto ametoka vipele vya joto shingoni na mgongoni. Mfamasia alinipa poda, Bibi akanipa shauri la kumwogesha kwa maji matamu badala ya ya kisima, yakapungua kwa siku tatu. Gharama ya mitungi imeongezeka. Nakuru inanijia usiku, ile baridi ya alfajiri na harufu ya udongo baada ya mvua, na usiku wa leo sikuweza kulala kwa kuikumbuka.

Siku ya 31, Jumapili

Tulikwenda ibada ya asubuhi kisiwani, tukarudi Feri kama saa nne, tukakuta foleni ya magari imepanda kilima chote. Maji yalikuwa yamekupwa nisivyopata kuyaona: miamba iliyofunikwa kila siku ilikuwa wazi, na mteremko wa saruji uliokuwa ukiishia majini sasa ulikuwa mrefu na mkali, umeota mwani wa kijani sehemu ya chini. Lori moja liliposhuka, tumbo lake lilikwaruza mlango wa chuma kwa kishindo, wahudumu wakalielekeza kwa ishara hatua kwa hatua hadi likaingia. Wenda kwa miguu walishuka upande upande, wazee wakishikwa mikono na watu wasiowajua.

Bibi aliponiona nimechelewa hakuuliza sababu. "Leo bamvua," alisema. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mchanga, maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikapita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai wala hayapwi sana. Siku za bamvua, alinifunza, maji hujaa alfajiri na alasiri, yakapwa kati ya saa nne na saa tano. Mwenye gari la chini asivuke wakati huo. Nimelichora jambo hilo kwenye kalenda ya ofisini, na meneja wetu, mzaliwa wa Kibokoni, aliponiona nikitia alama siku za mwezi aliniambia kwamba sasa naweza kupanga safari za madereva wanaovuka kwenda Ukunda, upande wa kusini.

Siku ya 38

Dada yangu alipiga simu kuuliza kodi ni kiasi gani. Nilimsomea kwanza habari za Siku ya 3 hadi ya 6.

Siku ya 48

Mwezi wa Ramadhani umeandama. Barazani pana watu tangu magharibi, na vijana wametumwa kwenda kujaza mapipa kwa sababu futari na daku hutaka maji mengi. Mfereji umekuja usiku huu bila kutarajiwa. Saa tano usiku ua mzima ulikuwa macho, wapangaji sita na watoto, tukipokezana mpira wa maji kwa zamu, pipa la Bibi kwanza, kisha la mgonjwa wa chumba cha tatu, kisha yetu wengine. Hakuna aliyepanga zamu hiyo kwa sauti. Niliyaonja yalipofika kwangu, ulimini, nikahesabu hadi tatu.

Siku ya 49

Nilimchukua mwanangu shuleni kwake kisiwani baada ya mazoezi ya michezo, tukafika Feri ikikaribia saa kumi na mbili na nusu. Nusu ya waliokuwa feri walikuwa wamefunga. Tulipokuwa katikati ya mkondo, adhana ilisikika kutoka ng'ambo na nyingine kutoka kisiwani, moja ikitangulia kidogo, na mifuko ikaanza kufunguliwa pande zote: tende, sambusa zilizofungwa gazetini, chupa za maji. Kijana aliyevaa ovaroli yenye mafuta ya injini alikuwa na tende tano tu. Alikula moja, akamgawia mzee wa kulia kwake, akamgawia mwanafunzi mmoja, kisha akamnyoshea mwanangu. Mtoto alinitazama, nikaitikia kwa kichwa, akaipokea kwa mikono miwili.

Yule kijana hakuwa na maji. Mimi nilikuwa na chupa ya lita moja, niliyoijaza asubuhi kutoka katika pipa letu. Nikampa, akasema bismillahi, akanywa kidogo, akasita, akanitazama.

"Haya ya mfereji, mama."

"Yamekuja jana usiku," nikamwambia.

Akampa mzee chupa, mzee akampa mwingine, na ilipofika upande wa pili wa feri mlango wa chuma ulikuwa ukishuka juu ya saruji ya Likoni.